Kicheko Kilichomficha Muuaji

Ni usiku, nje ya jumba kubwa la kifahari huko Massachusetts. Muuguzi kijana aitwaye Marta anaparamia ukuta kwa kukanyaga fito zilizopigiliwa ili mimea itambae juu yake. Moyo unamwenda mbio, maana akionekana amekwisha. Na kweli anaonekana. Bibi kizee wa nyumba ile, mkongwe kiasi kwamba hata jamaa zake hawaujui umri wake, anamkodolea macho gizani. Bibi hapigi ukelele. Anamwita Marta kwa jina la kijana wa kiume, Ransom, mtoto wa mjukuu wake, kisha anamuuliza mbona amerudi tena upesi hivyo.

Hapo watazamaji hucheka. Maskini bibi, macho yameisha, hamjui mwanamke wala mwanamume! Marta anapumua, nasi tunapumua pamoja naye, hadithi inaendelea.

Filamu hiyo ni Knives Out, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, ikatoka mwaka 2019. Niliitazama mara ya kwanza sebuleni pamoja na ndugu zangu na sote tukamcheka bibi yule. Mara ya pili nilishika kichwa. Katika swali lake moja, bibi alikuwa amekwisha kutuambia kila kitu: jina la mhalifu, njia aliyopitia, na kwamba alipita hapohapo usiku uleule kabla ya Marta. Neno "tena" lilibeba kesi nzima. Tulilisikia kwa masikio yetu, tukalicheka, likatupita.

Kabla sijaendelea, naomba msomaji anisikilize. Katika sura hii nitawataja wauaji kwa majina na kusema walinaswaje, maana ufundi huu hauwezi kuelezwa kwa kuficha miisho. Mwenye nia ya kuzitazama filamu hizi bila kujua lolote afunge kitabu, azitazame, kisha arudi. Sura itamngoja.

Wapo wanaoziona filamu za upelelezi zenye vichekesho kuwa ni za kupumzisha akili. Kwao filamu halisi ya upelelezi ni ile ya mvua, kofia iliyoshushwa usoni, na mpelelezi mwenye huzuni asiyelala. Ile ya kuchekesha ni mtoto wa kambo, imechukua mauaji na kuyafanyia mzaha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Naamini filamu ya upelelezi inayochekesha, ikitengenezwa na fundi, ni ngumu kuliko yenye sura iliyokunjwa, na humtendea haki zaidi mtazamaji. Sababu yangu ni hii: hakuna mahali pazuri pa kuficha dalili kuliko ndani ya kicheko.

Fikiria jinsi tunavyotazama filamu ya mauaji. Tunaingia tukiwa na shaka na kila kitu. Kamera ikikaa juu ya kikombe kwa muda kidogo tu kuliko kawaida, tunajua kikombe kina sumu. Muziki ukitulia ghafla, tunajiweka tayari. Mtu akitajwa jina mara mbili bila sababu, tunamweka kwenye orodha. Mtazamaji mzoefu ni kama karani wa forodhani, hapitishi mzigo bila kuufungua. Basi mwandishi atampitishiaje dalili chini ya pua yake, na iwe dalili ya kweli ambayo mtazamaji mwenyewe baadaye atakiri kwamba aliiona?

Njia ni kukipa kitu kile sababu nyingine ya kuwapo. Kicheko ni sababu iliyokamilika. Jambo likituchekesha, tunadhani limekwisha kufanya kazi yake pale pale. Hatuulizi tena lilikuja kufanya nini. Ndiyo maana hatukumuuliza bibi kizee wa Johnson swali lolote.

Na Johnson hakuishia kwa bibi. Marta ana maradhi ya ajabu: akisema uongo, anatapika. Mara ya kwanza tunapoona hivyo tunacheka, na mpelelezi Benoit Blanc, ambaye Daniel Craig amemchezea kwa lafudhi nzito ya kusini mwa Marekani, anaona amepata shahidi asiyeweza kudanganya. Tunaipokea tabia hiyo kama kichekesho cha kumtambulisha Marta. Mwishoni Marta anamwambia Ransom kwamba mwanamke aliyemdunga sumu amepona na yu tayari kusema. Ransom anakiri mbele ya watu. Marta anamtapikia usoni. Mwanamke yule alikuwa amekufa, na Marta alikuwa ameubana uongo tumboni kwa dakika zile chache tu zilizohitajika. Ransom, kwa hasira, anachomoa kisu kwenye gurudumu kubwa la visu vya mapambo lililokuwa nyuma ya kila mtu filamu nzima, anamchoma Marta kifuani, na kisu kinajikunja. Ni kisu cha maigizo. Babu yake Ransom alikuwa amekwisha kusema mapema, katika maneno yaliyosikika kama lawama za mzee kwa kizazi kilichodekezwa, kwamba kijana huyo hajui kupambanua kisu cha kweli na cha jukwaani.

Nikisema ufundi nina maana hiyo. Kila kilichotuchekesha kilirudi kudai deni lake.

Ufundi huo si wa juzi. Mwaka 1924 Buster Keaton alitoa filamu bubu ya dakika 45 hivi iitwayo Sherlock Jr. Keaton mwenyewe ndiye mwongozaji na ndiye steringi. Anacheza kijana maskini anayeendesha mashine ya kuonyeshea picha katika jumba dogo la sinema, na wakati hana kazi anasoma kitabu cha kufundisha upelelezi. Anampenda msichana. Anataka kumnunulia chokoleti, lakini fedha aliyonayo inatosha boksi la dola 1 tu. Basi anachukua kalamu na kuigeuza ile 1 iwe 4, ili msichana adhani amepewa zawadi ya maana.

Nani asiyecheka? Kijana mpenzi asiye na kitu, anayeongeza bei kwa wino! Kumbe mpinzani wake ameiba saa ya baba wa msichana, ameiweka rehani kwa dola 4, na kwa fedha hiyo amenunua boksi kubwa la chokoleti. Mambo yanapochemka, anaitumbukiza risiti ya rehani kwenye mfuko wa koti la Keaton. Baba anaisoma: dola 4. Anaangalia boksi alilokuja nalo kijana: dola 4. Ushahidi umekamilika, na aliyeuandika kwa mkono wake mwenyewe ni mtuhumiwa, katika kichekesho tulichokicheka dakika chache kabla. Kijana anafukuzwa nyumbani kwa msichana. Hadi leo, zaidi ya miaka mia baadaye, sijaona namna fupi zaidi ya kugeuza mzaha kuwa ushahidi.

Keaton anarudi kazini, analala kando ya mashine, na nafsi yake ya ndotoni inatoka mwilini, inashuka ukumbini na kuingia ndani ya picha inayoonyeshwa. Sehemu hiyo wataalamu wa sinema wameiandika sana, na inastahili. Kijana anataka kukaa bustanini, mandhari inabadilika, amekuwa barabarani. Anatembea, amekuwa ukingoni mwa genge. Anachungulia, yuko katikati ya simba. Ili mwili wake usiruke picha moja ikikatika na nyingine ikianza, Keaton na wapiga picha wake walipima umbali na mahali pa kusimama kwa vifaa vya wapima ardhi. Hapakuwa na kompyuta ya kuwasaidia.

Ndotoni yeye ni mpelelezi mkuu duniani, na maadui wanataka kumuua. Kwenye meza ya biliadi wameweka mpira namba 13 wenye baruti ndani. Keaton anacheza mchezo mzima, anaingiza mipira yote mashimoni, na ule wa 13 haugusi. Mipira mingine inaupita kwa upana wa unywele. Maadui waliojificha mlangoni wameziba masikio. Tunacheka mpaka machozi. Hatimaye anaupiga wenyewe, na haulipuki. Alikuwa ameubadilisha zamani. Ule wa baruti yuko nao, na baadaye wakati wa kukimbizana kwa magari anawatupia maadui, ukawalipukia.

Jambo moja la filamu hii hunigusa kila mara. Wakati kijana anaota kwamba yeye ni mpelelezi mkuu, kesi ya kweli inatatuliwa na msichana. Anakwenda dukani kwa mweka rehani, anamuuliza nani aliyeleta saa, na mwenye duka anamwonyesha kwa kidole. Hatua mbili tu, basi. Na kazi ya kuitengeneza filamu ile haikuwa ya mzaha kwa aliyeifanya. Katika sehemu moja Keaton ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yanamwagika kwa kishindo na kumbwaga chini, shingo ikagonga chuma cha reli. Aliumwa kichwa siku kadhaa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari alimpiga eksirei akaona mfupa wa shingo uliowahi kuvunjika na kuunga wenyewe. Tunachokiona kwenye skrini ndicho kilichomvunja.

Miaka 10 baada ya Keaton, sinema ikiwa imekwisha kupata sauti, ilitoka filamu ninayoiweka juu ya zote katika sura hii: The Thin Man ya 1934, iliyotengenezwa na kampuni ya MGM. Chimbuko lake ni riwaya ya Dashiell Hammett iliyochapishwa mwaka huohuo. Hammett hakuyajua mambo ya upelelezi kwa kusimuliwa. Aliwahi kuwa askari kanzu wa shirika la Pinkerton, na riwaya zake za mwanzo zina ukavu wa mtu aliyeona maiti. Hii ya mwisho aliiandika kwa furaha. Baada yake aliishi hadi 1961 bila kuchapisha riwaya nyingine.

Mwongozaji W. S. Van Dyke alikuwa maarufu kwa haraka. Hakupenda kurudia tukio mara nyingi, na filamu nzima aliipiga kwa muda usiofika wiki tatu. Muswada uliandikwa na mtu na mkewe, Albert Hackett na Frances Goodrich, na Van Dyke aliwataka waongeze mazungumzo ya mume na mke kuliko kujisumbua na fumbo. Nadhani ndoa ya waandishi ilisaidia, kwa sababu hakuna filamu ya upelelezi yenye ndoa tamu kama hii.

Nick Charles, anayechezwa na William Powell, ni mpelelezi aliyestaafu. Amemwoa Nora, tajiri wa kurithi, anayechezwa na Myrna Loy. Wamekuja New York kwa Krismasi na hawataki kazi yoyote. Nora anataka. Anaona mumewe akipeleleza ni jambo la kusisimua kuliko dansi zote za mji. Loy kabla ya hapo alizoea kupewa sehemu za wanawake wakatili wa Mashariki, ingawa alizaliwa Montana, Marekani. Hapa akapewa mwanamke mwerevu, mcheshi, asiyemwonea mumewe wivu wala kumnung'unikia, na akawa nyota. Anaingia kwa mara ya kwanza akivutwa na mbwa, mikono imejaa vifurushi vya zawadi, anaanguka kifudifudi katikati ya hoteli ya watu wa maana, kisha anainuka na heshima yake yote. Akisikia mumewe amekwisha kunywa glasi sita, anaagiza tano kwa mpigo ili amfikie. Asubuhi ya Krismasi Nick amelala kwenye kochi akitungua mapambo ya mti kwa bunduki ya upepo aliyopewa zawadi, na Nora anamtazama kama mama anayemtazama mtoto wake akiharibu kitu, kwa upendo.

Katika sinema za Hollywood za wakati huo, ndoa ilikuwa mwisho wa hadithi. Wakishaoana, taa zinawashwa, watu wanakwenda nyumbani. Hii ilianzia pale zilipoishia nyingine, na watu wakapenda mno. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na ikazaa nyingine tano hadi 1947. Powell na Loy walicheza pamoja filamu 14 kwa jumla, na wako watu wengi waliodhani ni mume na mke kweli.

Lakini fumbo je? Hapa ndipo penye uhondo. Mvumbuzi mmoja aitwaye Wynant, mtu mwembamba, ametoweka. Yeye ndiye "mtu mwembamba" wa kichwa cha filamu, ingawa umma baadaye ulimpa Nick jina hilo, na watengenezaji wakaliacha lishike. Katibu wake, ambaye pia ni hawara yake, anauawa. Dalili zote zinamwelekea Wynant. Polisi wanamsaka, magazeti yanamwandika, familia inasema imepata habari zake. Nick na Nora wanakunywa na kutaniana, na mbwa wao Asta anafanya vituko. Asta, mbwa mdogo wa manyoya magumu, ndiye kichekesho cha nyumba. Mambo yakichacha anajificha. Anavuta kamba, anaangusha watu, anafunika macho kwa mguu. Mbwa wa kweli aliyemchezea aliitwa Skippy, naye akawa maarufu kama waigizaji wa kibinadamu.

Usiku mmoja Nick anaingia kwa siri kwenye karakana ya Wynant pamoja na mbwa huyo. Ni Asta, mwoga wetu, anayenusa sakafu na kuanza kuparura. Chini yake kuna mifupa. Polisi wanaona nguo kubwa zilizozikwa pamoja na maiti na kusema huyu alikuwa mtu mnene, aliyeuawa na Wynant. Nick anatazama picha ya eksirei ya mguu, anaona kipande cha chuma cha vita ndani ya mfupa, naye anamkumbuka mtu mwembamba aliyekuwa na jeraha hilo. Mji mzima ulikuwa ukimsaka maiti.

Kitu kilichotufanya tusione ni nini? Tulimweka mbwa kwenye kapu la vichekesho. Hatukumtarajia afanye kazi. Waandishi walituzoesha kumcheka kwa nusu saa nzima, ili pua yake itakapohitajika iwepo pale bila mtu kuuliza kwa nini mpelelezi alikwenda kazini na mbwa.

Mwisho wake ni karamu. Nick anawaalika washukiwa wote chakula cha usiku, askari wamevaa nguo za watumishi na wanapitisha sahani kwa mikono isiyozoea sahani. Kila mtu ana hofu, kila mtu anakula, na Nick mwenyewe anasema wazi kwamba bado hana hakika. Anapozungumza, muuaji anajifichua. Ni wakili wa Wynant. Karamu ya namna hiyo imeigwa mara nyingi hadi imechakaa, lakini ile ya 1934 bado ina joto, kwa sababu askari anayeshindwa kupakua mchuzi ni mzaha na ni ulinzi kwa wakati mmoja.

Sasa niseme kuhusu mpelelezi mchekeshaji ambaye dunia inamjua kuliko wote. Mwaka 1963 Blake Edwards alitengeneza The Pink Panther, filamu ya mwizi wa vito. Panther mwenyewe ni almasi yenye dosari ndani inayofanana na mnyama anayeruka. Nyota alikuwa David Niven, mwizi mtanashati. Inspekta Clouseau wa polisi ya Ufaransa alikuwa wa kando, na sehemu yake alipewa kwanza Peter Ustinov, akajitoa, akaletwa Peter Sellers. Sellers akaila filamu nzima. Muziki wa Henry Mancini, ule wa saksafoni inayonyata, na katuni ya chui wa waridi mwanzoni mwa picha vikawa na maisha yao wenyewe hadi leo. Katika nchi nyingi kuna watoto wanaomjua chui huyo bila kujua kwamba aliwahi kuwa jiwe.

Sellers aligundua kitu kimoja ambacho wengi waliomwiga hawakukiona. Clouseau hajui kwamba anachekesha. Anaanguka kwenye kidimbwi, anatoka akichuruzika maji, na uso wake ni wa mtu aliyekusudia kuogelea. Heshima yake haipungui hata nukta. Ndiyo maana hatuchoki naye.

Filamu yake bora ni ya pili, A Shot in the Dark ya 1964, aliyoiandika Edwards pamoja na William Peter Blatty, mtu yuleyule ambaye baadaye aliandika The Exorcist. Mtumishi wa nyumbani, Maria, anakutwa na bastola mkononi kando ya maiti. Ushahidi wote unamkandamiza. Clouseau amempenda tangu alipomwona, kwa hiyo anashikilia kwamba hana hatia, anamfungua, mtu mwingine anauawa, Maria anakamatwa tena, Clouseau anamfungua tena. Mkubwa wake, Dreyfus, anayechezwa na Herbert Lom, anaanza kupepesa jicho na kupoteza akili. Na mpumbavu ndiye aliye sahihi! Maria hana hatia.

Katika filamu hiyo kuna meza ya biliadi. Clouseau anacheza na tajiri mwenye nyumba, anachukua fimbo iliyopinda, anakipasua kitambaa cha meza kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni miaka 40 kamili tangu meza ya Keaton, na kuna bomu humu pia, ambalo Dreyfus amelitega kwenye gari la Clouseau. Nimeziweka meza hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mpira wa Keaton ulituchekesha, kisha ukarudi ukafanya kazi. Kitambaa cha Clouseau kilipasuka, tukacheka, kikabaki kimepasuka. Hakuna kilichofichwa chini yake. Na kesi inaishaje? Clouseau anawakusanya washukiwa, wanaanza kutupiana lawama na kukiri wenyewe, karibu kila mmoja ana maiti yake, kisha wanakimbilia kwenye gari la Clouseau na bomu linawamaliza.

Nampenda Clouseau, na nitampenda siku zote. Lakini hukumu yangu ni kwamba hapa kicheko kimemeza dalili badala ya kuificha. Mtazamaji hana cha kupeleleza. Filamu zilizofuata za 1975, 1976 na 1978 zilizidi kuelekea huko, mwendo ukawa wa kuanguka na kulipuka. Sellers alifariki Julai 1980, na mwaka 1982 ikatolewa filamu iliyoungwa kwa mabaki ya picha zake zilizowahi kukatwa. Mjane wake aliwashtaki watengenezaji akashinda. Haikupaswa kutengenezwa.

Clue ya 1985, iliyotokana na mchezo wa mezani na kuongozwa na Jonathan Lynn, niipitie haraka. Walipiga miisho mitatu yenye wauaji tofauti, na kila jumba la sinema likapelekewa mwisho mmoja. Haikuuza. Ilipofika kwenye video na televisheni, miisho yote mitatu ikionyeshwa pamoja, ikapata wapenzi ambao hawajaiacha hadi leo. Inachekesha sana, hasa Tim Curry anapokimbia chumba kwa chumba akiigiza upya usiku mzima. Ila dalili inayokubali wauaji watatu haimfungi yeyote.

Tulipokuwa watoto, mwenzetu akirudi kutoka kibanda cha video swali la kwanza lilikuwa steringi nani na adui nani. Katika filamu za ngumi jibu lilipatikana dakika ya tano. Filamu ya upelelezi inakunyima jibu la swali la pili kwa saa mbili, na ile ya kuchekesha inakunyima huku inakupa, mkononi, mbele ya watu, nawe unacheka.

Nimeandika haya yote nikiwa na msiba kichwani. Katika Tanzania, msibani kwa Mzaramo watani huja. Mnyamwezi au Msukuma anaingia katikati ya kilio, anavaa koti la marehemu, anatembea kama alivyotembea marehemu, anakohoa kama yeye, anadai madeni yake, anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia wanacheka, machozi yangali mashavuni. Hakuna anayemhoji mtani, na hakuna anayemkasirikia, kwa kuwa ana ruhusa ya kusema lolote. Angesema jambo la kweli kuhusu usiku ule marehemu alipokufa, kila mtu angelisikia na hakuna ambaye angelishika. Rian Johnson alihitaji bibi kizee na fito za ukutani. Sisi tuna mtani.

Na mpelelezi tunaye. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Kando yake yumo rafiki yake Najum, anayemsindikiza kama Watson anavyomsindikiza Holmes. Mazungumzo yao yana mzaha wa watu wanaojuana siku nyingi.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nawapa wanaoandika miswada ya filamu kwa Kiswahili. Andikeni msiba. Mwiteni mtani avae koti la marehemu, mwacheni atuchekeshe mpaka tushike mbavu, na mfukoni mwa koti hilo wekeni kitu.